Karatasi Kwanza, Picha Baadaye: Mwongozo Kamili wa Fotomontaji kwa Karatasi Kuukuu za Japani

Ukitaka kuanza sanaa hii, ziweke picha kando kwanza. Wengi huanza na picha waliyoipenda, kisha wanaitafutia karatasi ya kuilaza juu yake, kama mtu anayetafuta kitambaa cha meza. Nami nilianza hivyohivyo. Kazi zangu za mwanzo zilikuwa picha nzuri juu ya karatasi nzuri, na hakuna kilichozungumza na mwenzake. Karatasi iliyoishi miaka mia na hamsini ina mikunjo yake, matundu ya wadudu, doa la maji pembeni, safu ya maandishi iliyokatika katikati ya ukurasa. Humohumo ndimo utakapoona picha ikae wapi. Mwongozo huu umepangwa kwa mtiririko huo: tunaifahamu karatasi, tunaisafisha, tunaipima, na picha inaingia mwisho.

Fotomontaji, yaani kazi ya kukata picha za kamera na kuziunganisha ziwe picha mpya, ilishika kasi mjini Berlin baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mikononi mwa wasanii kama Hannah Höch, Raoul Hausmann na John Heartfield. Lakini Japani ilikuwa na sanaa yake ya kuunganisha karatasi karne nyingi kabla ya kamera. Yapo majuzuu ya mashairi ya washairi 36, yaliyotengenezwa karibu mwaka 1112 na kuhifadhiwa katika hekalu la Nishi Honganji, Kyoto. Kurasa zake zimeungwa kwa vipande vya karatasi za rangi mbalimbali, na mafundi wana majina ya aina tatu za maungo hayo. Kiri-tsugi ni kipande kilichokatwa kwa mstari ulionyooka. Yaburi-tsugi ni kilichochanwa kwa mkono, ukingo wake ukipinda kama ufuo. Kasane-tsugi ni karatasi kadhaa za rangi moja zilizopangwa kwa kupishana kidogo, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia. Yashike majina hayo, tutayatumia.

Na yuko Okanoue Toshiko, aliyezaliwa Kochi mwaka 1928. Mwaka 1950 alikuwa mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi jijini Tokyo, na katika somo la chigiri-e, sanaa ya kuchana karatasi na kuzibandika, alikutana na kipande cha gazeti chenye nusu ya uso wa mwanamke. Kutoka hapo akaanza kukata picha za majarida ya kigeni yaliyozagaa Japani baada ya vita, akatengeneza fotomontaji zaidi ya mia moja katika miaka michache. Kila ninaporudi kwenye kazi zake naona jambo moja: hajazi ukurasa. Mandhari yake ina hewa, na mtu aliyemweka humo ana nafasi ya kusimama.

Ijue karatasi unayoishika

Karatasi ya jadi ya Kijapani huitwa washi. Hutoka kwenye ganda la ndani la vichaka vitatu. Kozo ina nyuzi ndefu na ngumu, nayo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Mitsumata ni laini na imetumika kwenye noti za Japani. Gampi ni nyembamba, ina mng'ao kama hariri, na wadudu hawaipendi sana. Kozo ni jamaa wa mforosadi na wa mitini. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa mutuba, mti ambao Waganda hutengenezea vazi la magome. Mti wa kozo wenyewe haupo mbali nasi pia: spishi moja ya jamii hiyo, Broussonetia papyrifera, ililetwa Uganda na sasa imevamia msitu wa Mabira kiasi cha kuwasumbua wahifadhi.

Ganda hilo huchemshwa katika maji ya majivu au magadi, husafishwa, hupigwa kwa marungu hadi nyuzi ziachane, kisha hutiwa kwenye pipa la maji pamoja na ute wa mzizi wa mmea uitwao tororo-aoi. Mmea huo ni wa jenasi moja na bamia, na ute wake unafanana na ute unaoujua jikoni. Kazi yake ni kuzifanya nyuzi zielee bila kushikana mabonge. Fundi huchota kwa chekecheo la mianzi na kulitikisa mbele na nyuma, na kwa sababu ya mtikiso huo nyuzi nyingi hulala upande mmoja. Kumbuka mlalo huo wa nyuzi, utakuhusu wakati wa kuchana na wakati wa gundi. Mwaka 2014 UNESCO iliziorodhesha aina tatu za washi ya kozo kuwa urithi wa dunia usioshikika: Sekishu-banshi ya Shimane, Hon-minoshi ya Gifu na Hosokawa-shi ya Saitama.

Karatasi iliyotengenezwa hivi haina tindikali ya kujila yenyewe. Katika hazina ya Shosoin, Nara, zipo karatasi za mwaka 702 ambazo bado zinafunguka. Lakini "karatasi kuukuu ya Japani" haina maana moja. Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vya karatasi kwa mtindo wa Kizungu vilianza kujengwa, na baadaye mbao ikawa malighafi. Gazeti la mwaka 1925 linaweza kuwa bovu kuliko daftari la mwaka 1820. Ukilikunja, linavunjika kama papadi.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Chana kona ndogo isiyo na maandishi. Washi huchanika kwa ukaidi na kuacha nyuzi kama nywele. Karatasi ya mbao hukatika ghafla, ukingo ukiwa butu. Kisha ishike dhidi ya mwanga. Kwenye washi utaona mistari myembamba ya lile chekecheo la mianzi, na hapa na pale nyuzi nene au kipande cha ganda jeusi kilichomponyoka msafishaji. Mimi hivyo vipande vyeusi navitafuta kwa makusudi.

Cha kununua, na cha kutokigusa kwa kisu

Vyanzo viko Japani, na vingi hufikiwa kwa posta. Mtaa wa Jinbocho, Tokyo, umejaa maduka ya vitabu vya zamani. Kyoto kuna magulio ya vitu kuukuu: tarehe 21 ya kila mwezi katika hekalu la To-ji na tarehe 25 katika Kitano Tenmangu. Ukitafuta mtandaoni, andika kwa maandishi ya Kijapani, utapata vingi na kwa bei nafuu zaidi: 和本 kwa vitabu vya mtindo wa zamani, 古文書 kwa nyaraka za mkono, 大福帳 kwa madaftari ya hesabu ya wafanyabiashara, 型紙 kwa karatasi za violezo vya vitambaa.

Kama ni mara yako ya kwanza, nunua daftari la hesabu. Daifukucho ni washi nene, limeandikwa kwa wino wa sumi ambao ni masizi na gundi ya wanyama, na mwandiko wake una nguvu. Husimuliwa kwamba moto ulipozuka Edo, yaani Tokyo ya zamani, wafanyabiashara waliyatupa madaftari hayo kisimani ili wayaokoe baadaye. Sumi ikishakauka haifutiki kirahisi kwa maji, nayo ni habari njema kwa mtu anayekuja na gundi ya maji.

Katagami, vile violezo vya kupakia rangi vitambaa, ni kitu kingine kabisa. Ni tabaka kadhaa za washi zilizoshikishwa kwa maji ya tunda bichi la persimoni, zikawa kahawia na ngumu, kisha zikatobolewa maua na mawimbi kwa patasi ndogo. Kitovu chake ni eneo la Suzuka, jimbo la Mie. Picha ikiwekwa nyuma ya matundu hayo huonekana kama mtu anayechungulia kupitia wavu. Navipenda sana, ila gundi yake ina taabu nitakayoieleza mbele.

Sasa upande wa pili. Usikate kitabu kilicho kamili. Usikate kitu usichojua ni nini. Chagua majuzuu yaliyopotewa na wenzake, yenye matundu ya wadudu kurasa zote, yaliyochanika mgongo. Yapo mengi na bei yake ni ndogo kwa sababu hakuna mkusanyaji anayeyataka. Karatasi zenye orodha za watu na familia zinataka uangalifu zaidi. Rejesta ya familia ya mwaka 1872 ilibeba alama za matabaka ya zamani ambazo zilikuja kutumika kuwabagua watu, na tangu 1968 Japani imeifungia isitazamwe. Ukikutana na nyaraka ya aina hiyo, isiingie kwenye sanaa. Wajukuu wa watu wale wapo hai.

Usomaji wa mwandiko wa zamani ni mgumu hata kwa Wajapani wenyewe, kwa kuwa herufi zimeungana. Ipo programu ya simu iitwayo miwo, iliyotolewa 2021 na kituo cha utafiti wa data cha Kijapani. Unaupiga picha ukurasa nayo inakuonyesha herufi za kisasa. Haipatii kila kitu, lakini itakuambia kama umeshika bei za mchele au barua ya msiba. Kwangu hilo lina uzito: siwezi kubandika kicheko juu ya msiba wa mtu nisiyemjua.

Karantini, usafi na kipimo cha maji

Karatasi ikifika usiichanganye na zako. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, itie kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache ndani ya mfuko huohuo ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu utatua juu yake. Mabuu yaliyojificha katika mikunjo yatakufa. Wanaoishi pwani, ambako unyevu haukauki, wasiiruke hatua hii.

Kisha vumbi. Brashi laini, kama ya kupaka poda, kutoka katikati kwenda nje, ukurasa mmoja mmoja. Madoa ya kahawia yaache. Usitumie dawa ya kuondolea madoa kwa hali yoyote.

Ikiwa ni kitabu cha mtindo wa zamani, kimeshonwa kwa uzi kupitia matundu manne pembeni. Kata uzi kwa mkasi mdogo, uvute taratibu. Ndani utakuta vijiti vya karatasi iliyosokotwa vinavyoshika kurasa, navyo vitolewe. Kila ukurasa ni karatasi moja iliyokunjwa katikati, mkunjo ukiwa upande wa nje, maandishi juu na ndani patupu. Ukiukunjua unapata karatasi pana yenye maandishi upande mmoja na upande wa pili safi, wenye kivuli cha maandishi kinachoonekana kwa nyuma. Upande huo wa nyuma ni hazina. Mara nyingi ndio ninaoutumia kuwa sakafu ya kazi, yaani karatasi ya chini kabisa, kwa kuwa maandishi yanabaki kama mnong'ono na picha haishindani nayo. Angalia pia ndani ya jalada: mafundi walijazia majalada karatasi chakavu, na unaweza kukuta humo mabaki ya kitabu cha zamani zaidi.

Kabla ya kukata chochote, skani kila ukurasa pande zote mbili kwa dpi 600. Ukiharibu, nakala ipo. Na mara nyingine, ukiiona nakala kwenye kioo cha kompyuta, utagundua kwamba karatasi halisi haistahili kukatwa, na utafanya kazi yako kwa nakala.

Kipimo cha maji nisikisahau, maana kilinigharimu. Picha zilizochapishwa kwa vibao vya mbao zama za Meiji (1868 hadi 1912) mara nyingi zina nyekundu na zambarau za anilini, rangi za kiwandani kutoka Ulaya, nazo huyeyuka. Niliwahi kubandika ukurasa wenye kimono chekundu bila kupima. Baada ya dakika mbili wekundu ulikuwa umeenea hadi kwenye uso wa picha iliyo jirani. Kipimo ni hiki: lowesha kijiti cha pamba, kigusishe nukta moja pembezoni mwa kila rangi, bonyeza juu yake karatasi nyeupe ya kufyonza kwa nusu dakika. Rangi ikihamia kwenye karatasi nyeupe, kipande hicho hakitaguswa na gundi yenye maji. Utakishonea kwa uzi au utatumia nakala yake. Pima hata sumi, kwani ipo sumi yenye gundi hafifu.

Picha

Usikate picha halisi ya zamani. Zile picha za Yokohama zilizopakwa rangi kwa mkono, za wapigapicha kama Felice Beato aliyefika Japani mwaka 1863 au Kusakabe Kimbei, zimechapishwa kwa ute wa yai na haziwezi kurudishwa zikishakatwa. Tumia nakala. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yameruhusu tangu 2017 matumizi huru ya picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, na tovuti ya ColBase ina hazina za makumbusho ya taifa ya Japani. Picha za familia yako nazo zina nafasi hapa. Picha ya bibi aliyopigwa studio mwaka 1965 haina haja ya kuvalishwa kimono ili ikae na washi. Vitu viwili vilivyozeeka kila kimoja kwa njia yake huelewana.

Swali kubwa ni uchapishaji. Wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka kwenye gundi ya maji. Zipo njia mbili salama. Ya kwanza ni printa ya leza au mashine ya kutolea kopi ya steshenari: tona yake ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto, haijali maji. Ya pili ni printa yenye wino wa pigmenti kwenye washi mpya. Awagami wa Tokushima wanatengeneza washi maalumu kwa printa. Washi nyembamba ya gramu 20 hadi 40 haipiti yenyewe kwenye printa. Ibandike juu ya karatasi ya kawaida ya A4 kwa ukanda mwembamba wa gundi upande unaotangulia kuingia, na usiitie kwenye mashine ya leza bila kumwomba mwenye mashine, kwani joto na roli zinaweza kuikwamisha. Baada ya kuchapa, iache siku nzima.

Punguza weusi wa picha kabla ya kuchapa. Sumi si nyeusi kama tona; ni kijivu chenye joto, hasa ikizeeka. Mimi huifananisha picha na mwandiko kwa macho, kwa kuchapa vipande vidogo vitatu vya ukolezi tofauti na kuviweka juu ya ukurasa wenyewe mchana, karibu na dirisha. Kile kinachozama kidogo ndani ya karatasi ndicho nakichukua.

Kupanga bila gundi

Tandaza karatasi ya sakafu na uitazame. Ina uzito wapi? Ukurasa wa Kijapani huanzia kulia, na safu hushuka kutoka juu, kwa hiyo jicho la aliyeuandika liliingia kwa kona ya juu kulia. Mtu ukimweka kushoto akitazama kulia, anayapokea maandishi. Ukimgeuza, anayapa mgongo. Hakuna lililo kosa, ila lazima ujue umechagua lipi. Usibandike maandishi kichwa chini kwa bahati mbaya: safu huanza sawasawa juu na kuishia kwa vimo tofauti chini.

Matundu ya wadudu yafuate, usiyazibe. Tundu linalopita jicho la picha, mkunjo unaopita begani, ukingo ulioliwa unaofuata mstari wa paa: hayo hutokea ukisogeza kipande kwa nusu sentimita mara ishirini. Piga picha kila mpangilio kwa simu. Kisha funika kwa kioo, ondoka, urudi kesho yake. Karibu kila mara nikirudi naondoa kipande kimoja.

Kuchana na kukata

Hapa ndipo sanaa yenyewe ilipo, kwa sababu kila ukingo una maana yake. Picha nyingi nazikata kwa kisu chenye ncha mpya juu ya mkeka wa kukatia: zungusha karatasi badala ya kuzungusha kisu, anza na matundu ya ndani kabla ya mzingo wa nje, na badilisha wembe mara tu unapoanza kuvuta nyuzi. Ukingo mkali unamwambia mtazamaji kwamba hiki kimetoka kwingine.

Washi, chana kwa maji. Chovya brashi nyembamba majini, chora mstari unaoutaka, pitisha mara mbili, subiri kama dakika moja maji yaingie. Weka vidole pande zote mbili za mstari na uvute polepole kuelekea nje, si juu. Nyuzi hazikatiki, zinachomoka, na unapata ukingo wenye manyoya ya milimita kadhaa. Manyoya hayo yakilowa gundi hulala juu ya karatasi ya chini na mahali pa kuungia panapotea. Kwa mstari ulionyooka, bonyeza rula kando ya mstari wa maji. Kuchana kwa kufuata mlalo wa nyuzi ni rahisi. Kuukatiza kunahitaji maji zaidi na subira.

Sasa changanya. Kiri-tsugi kwa mahali unapotaka mpasuko uonekane, yaburi-tsugi kwa mahali unapotaka macho yateleze. Kasane-tsugi ni nzuri kwa mbingu na maji: chana kanda tano za karatasi za umri tofauti, kutoka nyeupe hadi ile iliyogeuka rangi ya chai, uzipange kila moja ikitokeza nusu sentimita. Picha ya kamera ikiingia katikati ya kanda hizo, haionekani tena kama stika.

Gundi ya wanga wa ngano

Gundi nyeupe ya dukani haiondoki ikishakauka, na huifanya washi kuwa kama plastiki. Wahifadhi wa Kijapani hutumia wanga safi wa ngano, nayo huachia ukiilowesha hata baada ya miaka. Wanga huo si unga. Kama huupati, utengeneze: kanda unga wa ngano na maji uwe donge gumu, uache nusu saa, kisha ulikande ndani ya beseni la maji. Maji yatageuka kama maziwa na mkononi utabaki na kitu kama mpira, hiyo ni protini ya ngano. Yachuje maji, yaache usiku kucha, mwaga ya juu. Wanga umetua chini. Badilisha maji mara mbili au tatu mpaka ya juu yawe safi.

Ukishaukausha, pima sehemu moja ya wanga kwa sehemu nne za maji. Loweka saa moja. Weka kwenye moto mdogo na ukoroge bila kuacha, kama unavyosonga uji wa mgonjwa. Utakuwa mzito ghafla. Usidanganyike, endelea dakika 20 hadi 30 mpaka weupe uishe na gundi iwe na mng'ao. Ipoze, ipitishe kwenye chujio la chai mara mbili ukiisukuma kwa kijiko. Kwa washi nyembamba izimue hadi iwe kama mtindi mwepesi. Kwa picha nene iache nzito kidogo. Jokofuni hukaa siku chache. Ikianza kunuka, mwaga.

Kubandika na kukausha

Laza kipande kifudifudi juu ya kioo safi au plastiki. Paka gundi kutoka katikati kwenda nje, kiasi kidogo kuliko unachodhani. Subiri dakika moja: karatasi inapanuka, zaidi kwa upande unaokatiza mlalo wa nyuzi, na ukiibandika kabla haijamaliza kupanuka itaota mikunjo. Inua kwa kibano au pamoja na plastiki yake, itue upande mmoja kwanza, kisha ushushe. Funika kwa kitambaa chembamba kisichonata na upitishe brashi kavu kutoka katikati. Ukiweza, mlalo wa nyuzi wa kipande ufuate ule wa sakafu. Vikipingana, kazi itajikunja siku za joto.

Anza na vipande vya chini na vikubwa. Kausha kidogo kabla ya kuongeza vya juu.

Ukimaliza, weka kazi kati ya kitambaa kisichonata na karatasi za kufyonza, pande zote mbili, kisha kati ya mbao mbili na vitabu vizito juu. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya robo saa, baada ya saa moja, kisha jioni. Iache mpaka kesho kutwa. Haraka hapa ndiyo inayozaa mawimbi na ukungu. Sakafu yenye matundu mengi ibandike kwanza nyuma yake karatasi mpya nyembamba ya kozo.

Katagami haifyonzi gundi vizuri, na ikilazimishwa hujikunja. Ishike kwa nukta chache za gundi nzito pembezoni, au ishone kwa uzi mwembamba kupitia matundu yake yenyewe. Uzi unapendeza zaidi.

Fremu na mabaki

Ining'inize kwenye kadibodi isiyo na tindikali kwa bawaba mbili za washi upande wa juu tu, ili ipanuke na kusinyaa kwa uhuru. Kioo kisiiguse; acha nafasi ya milimita kadhaa. Mbali na jua, na ukutani ambako hakuna unyevu wa bafu au jiko. Makumbusho huangazia karatasi kwa takriban lux 50, mwanga hafifu kweli, kwa hiyo chagua kona yenye kivuli. Wanga ni chakula cha mende pia: ziba nyuma ya fremu kwa ukanda wa karatasi. Na nyuma ya kazi, kwa penseli, andika karatasi ilitoka wapi, ilikuwa daftari gani, na ukurasa upi uliotumia.

Vipande vilivyobaki usitupe. Mtawala Seiwa alipofariki, katika karne ya 9, mmoja wa wake zake alizikusanya barua zake, akazifanya karatasi upya, akanakili juu yake maandiko ya dini. Karatasi za namna hiyo hutoka kijivu kwa sababu ya sumi iliyobaki kwenye nyuzi. Mimi naloweka vipande vyangu siku mbili, navitwanga kwa kinu na mchi badala ya mashine inayokata nyuzi, natia maji ya ute wa bamia yaliyochujwa, nachota kwa wavu ulioambwa kwenye fremu ya mbao. Inatoka karatasi ndogo ya kijivu yenye nukta za herufi zisizosomeka. Hiyo ndiyo sakafu ya kazi ninayoanza sasa.